Barabara Haina Mwenyeji

"Barabara haina mwenyeji, wote wageni." Mmeisikia leo asubuhi kwa fundi wa baiskeli, alipomkanya mwenzenu aache kuendesha bila kushika usukani, nanyi mkaja kuniuliza ni nani aliyeisema kwanza. Aliyeisema alikuwa mbeba kuku wa Tabata, wala hakuisema kwa kujivuna. Ilivyomtoka mdomoni ni hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Mwinshehe Kondo. Kwa miaka kumi na moja alibeba kuku kwa baiskeli kutoka Tabata hadi soko la Ilala, matenga mawili nyuma yake, moja upande huu na jingine upande ule. Alilijua kila shimo la njia ile. Alijua basi lipi lina dereva mkorofi, na malori ya mchanga huanza kuingia mjini saa ngapi. Watu wakimuuliza kama haogopi magari, alicheka akisema kwamba yeye ni mwenyeji wa barabara, na mwenyeji haulizi njia ya kwenda jikoni.

Jirani yake alikuwa Perpetua, mke wa Gaspari Mkude, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Deo. Alikuwa mpishi wa shule moja huko Ilala, na uji wa watoto ulitakiwa uwe tayari kabla ya kengele ya asubuhi. Mabasi yalimpita kituoni yamejaa, na mwalimu mkuu alikwisha kumwonya mara mbili. Akichelewa tena, atatafutwa mpishi mwingine. Baiskeli aliijua tangu utoto wake Kilosa, lakini njia za Kilosa si za Dar es Salaam. Basi mumewe alipompatia baiskeli ya mtumba, walikwenda wote wawili kwa Mwinshehe, kumuuliza yeye mzoefu kama ni salama mtu kama Mama Deo kupita Buguruni asubuhi, magari yanapokuwa yamesongamana.

Mwinshehe aliwaambia kwamba hofu ndiyo inayoangusha watu, si magari. Mama Deo hakuridhika.

"Shemeji, wewe hujawahi kuangushwa?"

"Sijawahi," alijibu. "Nifuate mimi tu. Nitakapopita, na wewe pita."

Ulikuwa uongo. Miezi mitatu nyuma, kioo cha pembeni cha basi kilimpiga begani pale pale Buguruni, kikamtupa mtaroni na matenga yake, kuku wanne wakafa. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba bega limeteguka kwa kuinua mizigo. Angeweza kusema kweli siku ile, kwa maana aliulizwa kwa moyo safi. Lakini Gaspari alikuwa akimtazama kama watu wanavyomtazama bingwa, na Mwinshehe alionja utamu wa kutazamwa hivyo. Gaspari akashusha pumzi, akampa mkono, akasema, "Kaka, nakukabidhi."

Siku nne za mwanzo zilikwenda salama. Mwinshehe alitangulia, Mama Deo akafuata, na kila penye shimo alipigiwa ukelele wa kumtahadharisha. Mama Deo alikuwa mwangalifu. Akifika kwenye makutano alishuka, akaisukuma baiskeli na kuvuka pamoja na waendao kwa miguu. Siku ya tano tenga moja lililegea njiani, wakapoteza muda kulifunga, na Mwinshehe akamwambia kwamba leo asishuke, kwani kushukashuka kunachelewesha, tena kunawafanya madereva wamdharau mtu.

Walipofika Buguruni taa zilikuwa nyekundu. Lori la mchanga lilikuwa limesimama mbele ya foleni, na kati ya ubavu wake wa kushoto na ukingo wa barabara palibaki nafasi ya mtu mmoja. Mwinshehe hakugeuka nyuma. Alijipenyeza, matenga yakikwaruza ubavu wa lori, akatokea mbele na kuvuka. Mama Deo alisita. Kisha, kwa kuwa ameambiwa apite anapopita mwenzake, akaingia.

Taa zikawaka kijani angali katikati. Lori likaanza kukata kona ya kushoto. Dereva alikuwa juu kwenye kiti chake, akitazama barabara anakokwenda. Mtu aliye chini, ubavuni kabisa mwa lori, dereva hakuwa na namna ya kumwona.

Mwinshehe alisikia vyuma vikisagika, kisha sauti za watu wakipiga bodi la lori ili lisimame. Alipogeuka aliiona baiskeli chini ya gurudumu, na Mama Deo kando yake, mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikuwa hai, akilia kwa sauti ya chini. Watu walimzunguka. Dereva alishuka amejishika kichwa.

Mwinshehe alirudi, akasimama umbali wa hatua chache, baiskeli yake katikati ya miguu. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kushona akamsogelea.

"Huyu dada ni wako? Nimewaona mmekuja pamoja."

Katika kufumba na kufumbua Mwinshehe aliuona uso wa Gaspari ukimwambia nakukabidhi. Ulimi ukautangulia moyo.

"Hapana," alisema. "Mimi napita tu."

Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Kuku aliwafikisha. Wanunuzi walimsemesha akawa hasikii, akawamwaga kuku wa mtu huyu katika banda la mtu yule. Alikaa juu ya tenga tupu hadi adhuhuri bila kutia kitu mdomoni. Si kwamba hakujua la kufanya. Alilijua tangu pale njiani, na kulijua ndiko kulikomlemea. Hatimaye akaulizia majeruhi wa Buguruni amepelekwa wapi, akaenda hospitali akiikokota baiskeli. Hakuweza kuipanda.

Alimkuta Mama Deo kitandani, mguu umefungwa plasta hadi pajani, mumewe na jirani mmoja wa kike wako kando yake. Gaspari alipomwona aliinuka, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Asante, kaka. Mama Deo ameniambia ulivyokimbia kutafuta msaada."

Mwinshehe akamtazama Mama Deo. Mama Deo alikuwa akitazama dari. Yule jirani naye, kwa nia ya kumfariji kila mtu, akasema ni ugeni tu. Angekuwa mwenyeji wa barabara kama Mwinshehe, yasingempata haya.

Neno lile lilimwingia kama mwiba. Uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze, na mkono wake ulikuwa bado umo mikononi mwa Gaspari.

"Barabara haina mwenyeji," akasema kwa sauti ndogo. "Wote wageni. Na mimi ni mgeni, tena mgeni mwongo."

Hapo akayatoa yote. Alieleza habari ya kioo cha basi na mtaro, na bega alilomdanganyia mkewe. Alikiri kwamba ni yeye aliyemwambia Mama Deo asishuke. Mwisho akalitamka lile neno alilomjibu mzee wa kofia, akalitamka kama lilivyokuwa, bila kulipunguza. Gaspari aliisikiliza habari hadi mwisho, kisha akaondoa mikono yake polepole.

Ndipo Mama Deo alipogeuza uso.

"Nilikusikia, shemeji," alisema. "Fahamu zangu zilikuwapo. Nilimficha Baba Deo kwa sababu niliona haya kwa niaba yako."

Laiti angemtukana. Mwinshehe alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Huruma hakuwa na pa kuiweka. Alitoka nje, akachutama ukutani, akalia mbele ya watu.

Mguu ulipona baada ya miezi, lakini Mama Deo alibaki akichechemea, na shule ilikwisha kuchukua mpishi mwingine. Akaanza kupika vitumbua nyumbani. Kila alfajiri Mwinshehe alimjazia mapipa ya maji kabla ya kwenda sokoni, na Gaspari alimwacha ayajaze. Lakini hakumwita kaka tena. Alimwita jirani, hadi mwisho.

Kazi ya kuku Mwinshehe hakuiacha, maana ndiyo aliyoijua. Ila akifika Buguruni alishuka, akaisukuma baiskeli na kuvuka pamoja na watembeao kwa miguu, na lori lililosimama hakulipita tena kwa ubavuni. Wabeba mizigo vijana walimcheka: miaka yote hii barabarani, bado unasukuma? Na kila aliyemuuliza alimjibu lile lile alilolisema hospitali, macho yake yakiwa chini. Wao wakalichukua. Likaenda kwa madereva, likafika kwa mafundi na wapishi, kwa kila aliyeizoea kazi hadi akasahau kwamba inaweza kumuua, au kumuua anayemfuata.

Kwa hiyo fundi alipomwambia mwenzenu maneno yale, hakuwa anamwita mshamba. Alimpa neno la mtu aliyejiona mwenyeji, akamwongoza mwenzake penye hatari, kisha akamkana. Barabara haina mwenyeji, wote wageni.