Wimbo wa Giza katika Ukumbi wa Fisi

Zamani zile, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kufunga milango, Fisi Kingwande alikuwa na ukumbi wa dansi. Karabai ilining'inia katikati, madirisha yalikuwa ya mbao nene, na katika kila pembe palifuka chetezo cha ubani. Chui Mfaume alilinda mlango. Mwimbaji alikuwa Komba Somoe.

Somoe alikuwa mdogo wa kubebwa kiganjani, lakini akiimba hata Nyati alilegea magoti.

Kila usiku, wimbo wa mwisho ulipoanza, Kingwande alizima karabai. Waliuita wimbo wa giza, na waliupenda kuliko nyimbo zote, maana gizani hakuna anayekucheka unavyocheza.

Taa ikiwashwa tena, nafasi ukumbini ilikuwa imeongezeka kidogo kuliko mwanzo.

Aliyemuulizia mwenzake aliambiwa, "Amechoka, ametangulia nyumbani." Akaridhika. Kesho yake alirudi kucheza.

Somoe alikuwa na rafiki, Digidigi Mize, aliyecheza na njuga miguuni. Usiku mmoja, katikati ya wimbo wa giza, Somoe alizisikia zikielekea upande wa pazia la nyuma. Chwi, chwi, chwi. Chwi, chwi. Kisha kimya.

Karabai ilipowashwa, Mize hakuwapo.

"Mize yuko wapi?" Somoe aliuliza.

"Ametangulia," alisema Kingwande, akijifuta mdomo kwa leso.

Asubuhi Somoe alikwenda nyumbani kwa kina Mize. Alimkuta mama yake ameketi mlangoni, chai imepoa pembeni.

"Nilidhani amelala kwako, mwanangu," mama alisema.



Jioni, kabla watu hawajafika, aliingia nyuma ya pazia. Chini palikuwa na njuga za Mize, zimeloa. Ukutani palikuwa na ngozi, zimekunjwa na kupangwa vizuri kama nguo zilizopigwa pasi, mpaka darini. Hapo ndipo alipojua kwa nini ubani ulifukizwa mwingi vile. Akajua pia kwa nini Kingwande alimtaka aimbe kwa sauti ya juu. Sauti yake ndiyo iliyofunika vilio.

Aliinama, akaziokota njuga za Mize. Akazifuta, akaenda nazo mlangoni kwa Chui.

"Kaka Mfaume, nimeona nyuma ya pazia."

Chui aligeuza kichwa polepole. "Na bado hujakimbia."

"Nikimbilie wapi? Nataka kuishi. Lakini mama yake Mize anazunguka akiuliza. Leo njuga zisiposikika, watu wataanza kuhesabiana. Taa ikizimwa, zivae wewe, ucheze mpaka kwenye pazia. Watasema Mize yupo."

Mfaume alifikiri, akazitia mfukoni.

Somoe akaenda kwa Fisi.

"Mzee Kingwande, leo kuna mgeni. Mbuzi jike, amenona, hapa hana ndugu. Nimempa njuga za Mize ili umjue gizani. Mfaume sijamwambia. Ukimsubiri nyuma ya pazia, utamla peke yako."

"Kumbe unajua."

"Najua. Nami sitaki kuwa kitoweo."

Kingwande akacheka chini chini. "Wewe? Hata pengo la jino hujazi."

Usiku ule ukumbi ulijaa. Wimbo wa mwisho ulipoanza, karabai ikazimwa. Giza lilikuwa zito, na ubani ulifunika kila harufu. Lakini macho ya komba ni ya usiku, na Somoe aliona yote. Alimwona Kingwande akijibanza nyuma ya pazia. Alimwona Mfaume akipita katikati ya wachezaji. Chwi, chwi, chwi.

Pazia likatikisika.

"Kingwande, ni mimi," Chui alilia. "Ni mimi, Mfaume."

Somoe alimwinamia Kobe, mpiga tumba. "Piga kwa nguvu." Ndu, ndu, ndu, tumba ikanguruma, na Somoe akapaza sauti kama alivyofundishwa. Wachezaji hawakusikia kitu, wala Kingwande hakumsikia Chui.

Pazia lilipoanguka, Somoe aliruka akaiwasha karabai.

Mfaume alikuwa chini, koo limechanika, njuga miguuni. Kingwande alikuwa amemkalia, ubavu wake mwenyewe umeraruliwa kwa makucha, na bado alikuwa anatafuna. Nyuma yao zilipangwa zile ngozi.

 Wachezaji walisogea mmoja mmoja, wakazishika.

"Huyu ni kaka yangu," alisema Swala.

"Huyu ni mume wangu," alisema Pundamilia. "Niliambiwa amesafiri."

Nyati alikwenda kuufunga mlango kwa ndani, akarudi ameinamisha pembe. Kingwande hakutoka tena ukumbini mle.

Baadaye Nyati alimuuliza Somoe, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu jioni. Lakini nimewaimbia mwaka mzima."

Alfajiri aliikunjua ngozi ndogo kuliko zote, akaikokota peke yake mpaka mlangoni kwa mama yake Mize, akaketi hapo kumngoja aamke.

Kwa hiyo, wanangu, mkienda ngomani hesabianeni mnapoingia, na msiondoke mpaka mmetimia.