Mkoba Usiopokewa

Kaeni, wapendwa. Aliyekalia kofia ya mwenzake ainuke kidogo. Leo sina mafungu kumi ya kuwasomea. Nina mfano mmoja tu, na ni mzuri kuliko yote mliyoisikia mwaka huu; nawaambia mapema ili asije mtu akasinzia halafu akalaumu chakula cha asubuhi. Sikuupata chuoni. Shule na mimi tuliachana darasa la sita na hakuna aliyelia kati yetu. Wenye digrii wamo humu, nawaona, wametulia, lakini mwenye kipaza sauti ni mimi. Basi tuendelee.

Kulikuwa na dada mmoja. Kwao ni huku huku kwetu milimani, ambako mvua ikishaanza inasahau kukatika. Yeye alikuwa mjini, anapamba kumbi za harusi. Mikono yake ilijua kufunga kitambaa kwenye kiti kikaonekana kiti cha malkia, hata kama chini yake ni plastiki yenye ufa. Wateja aliwapata, ila wale wa kawaida, wa kukodi ukumbi wa shule. Wateja wakubwa walikuwa wanampita. Rafiki yake mmoja akamwambia, "Shoga, hawa matajiri hawakuangalii uso. Wanaangalia mkoba kwanza. Mkoba wako unasema unapamba vipaimara."

Maneno hayo yakamwingia. Akaenda kwenye duka moja, lile la vioo, lenye baridi ndani hata siku ya jua. Akauona. Ngozi ya ndama, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, kifungo kinang'aa kama jino la dhahabu. Bei yake sitaitaja, maana kuna mzee hapa mbele ana shinikizo la damu. Niseme tu kwamba mkoba ule ulikuwa ng'ombe wawili wa maziwa, wameng'olewa pembe wakatiwa zipu.

Mama Tusekile, mbona unasukuma mkoba wako chini ya benchi? Sijakutaja bado.

Yule dada alikuwa nazo hizo hela. Alizipata kwa jasho lake, halali kabisa. Lakini moyo ulikuwa unakwenda na kurudi. Ninunue? Nisinunue? Mwenye duka, mwanamke mmoja mjanja ambaye dada huyu aliwahi kumpambia harusi ya binti yake, akamwona anavyoushika na kuuacha, anaushika na kuuacha.

"Mdogo wangu, usijitese," akamwambia. "Uchukue kwa mali kauli. Tembea nao, lala nao, uonyeshe kwenu. Jumatatu ulete hela au ulete mkoba."

"Na nikiurudisha?"

"Ukirudi safi, hatudaiani. Ukirudi na doa, hata kama dogo kama jicho la sisimizi, umeshakuwa wako."

Wakacheka, wakapeana mikono. Jumamosi dada akapanda gari kwenda kwa mama yake. Alikuwa hajafika kwao karibu mwaka mzima. Moyoni alisema: nikionekana nao nyumbani, nitajua kama unanifaa.

Gari likamwacha barabarani. Akateremka kile kinjia cha udongo mwekundu, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga aliyetoka kliniki. Mvua ndogo inanyunya. Mama yake alikuwa uani akimenya ndizi mbichi za mchana huo, ndizi za kumpikia huyo huyo mgeni. Akamwona. Akatupa kisu kwenye beseni, akaja mbio za kizee, mikono yote miwili mbele.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kuna vijana humu hawajui ile mikono ilikuwa inakuja kufanya nini.

Mnakumbuka, nyie wengine? Mnakumbuka mama akitoka mnadani? Tulikuwa hatuna saa, lakini tulijua. Tulisikia kikohozi chake kule kwenye mgomba wa mwisho, na nyumba nzima ikachomoka. Hakuna aliyesema shikamoo kwanza. Ukimsalimia mtu mwenye mzigo kichwani ulionekana mtoto asiyefunzwa, kwamba unataka akuitikie huku shingo inamzama? Kwanza ulisema, "Mama, nikupokee." Tulipigania kikapu kile. Mkubwa akachukua kikapu, wa pili kidumu cha mafuta ya taa, mdogo kabisa akapewa kiberiti akibebe kwa mikono miwili kama sadaka. Halafu mama anavua ile ngata kichwani, anajinyoosha, na unaona anarefuka. Mbele yako. Mwanamke aliyetoka njiani mfupi anakuwa mama tena. Ndipo tunasema shikamoo. Ndipo yeye anasema, "Marahaba, wanangu, nimefika."

Na harufu ya kile kikapu. Sabuni ya mche, dagaa, karanga za kuchemsha zilizofungwa kwenye gazeti. Ulikuwa unaingiza kichwa humo mpaka masikio. Mimi nimekula hoteli za nyota, nimealikwa na watu wakubwa, msinione hivi. Sijawahi kunusa kitu kinachofikia kikapu cha mama yangu siku ya mnada.

Huko kwetu mgeni hajafika mpaka apokewe. Anaweza kuwa amesimama mlangoni kwako, viatu vimelowa, unamwona kwa macho. Bado yuko njiani.

Sasa turudi uani. Mama yuko mbele ya binti yake, mikono imenyooshwa. Na dada anaiangalia ile mikono. Anaona nini? Utomvu. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi anaujua utomvu. Unanata, unakauka, unageuka mweusi, na ukishaingia kwenye kitu hautoki kwa sabuni, kwa limao wala kwa maombi. Dada akarudi hatua moja.

"Karibu mwanangu. Lete nikupokee."

"Acha tu, mama. Sio mzito."

Mama akacheka. "Nani kakuuliza uzito? Lete."

"Mama, acha. Utauchafua."

Neno lilitoka haraka, hakulipima. Mama akaiangalia mikono yake kama ya kuazima. Akaishusha. Akaifuta kwenye khanga, mbele, nyuma, ingawa utomvu haufutiki. "Haya," akasema. "Basi pita."

Watoto wa kaka yake wakafika mbio. "Shangazi, tukupokee." Shangazi akauinua mkoba juu kama anavuka mto. Watoto wakaruka ruka mara mbili, wakidhani ni mchezo, halafu wakaelewa kwamba sio mchezo. Watoto wanaelewa haraka kuliko sisi.

Ndani mlikuwa na kiti kimoja kizuri. Mkoba ukakaa kwenye kiti, juu ya khanga iliyokunjwa mara nne. Mama akakaa kwenye kigoda. Msicheke. Wangapi humu nyumbani kwenu televisheni ina kitambaa cha kufuma na baba mzazi hana shuka?

Siku mbili zikapita hivyo. Hapakuwa na ugomvi. Ndizi zililiwa, stori zilipigwa, mama alimwombea. Ila kila aliyepita karibu na kile kiti alijikunja kidogo, kama anapita karibu na mgonjwa. Jumatatu alfajiri dada akapanda gari, mkoba mzima, hauna tone.

Akafika dukani na hela zake. Alikuwa ameshaamua kununua. Mwenye duka akautoa mkoba nje kwenye mwanga, akaugeuza, akaufungua, akaunusa hata, maana mfanyabiashara hamwamini mtu. Akatabasamu.

"Mdogo wangu, kwenu mna nidhamu. Siku mbili kijijini, na hauna hata alama ya kidole."

Dada akabaki na hela mkononi.

"Nini, bei?" mwenye duka akamwuliza. "Tunaweza kuzungumza."

"Bei naiweza."

"Sasa tatizo nini?"

"Hauna hata alama ya kidole," dada akasema.

"Si ndiyo uzuri wake?"

Dada akazikunja hela zake. Akamwachia ule mkoba, akaondoka. Na hapo ndipo wahubiri wengine wangewaambia tuimbe, mfano umekwisha, dada ametubu, haleluya. Hao ndio wale walioenda chuoni. Mimi nawaambia bado.

Wiki iliyofuata akarudi kwao. Safari hii alibeba salfeti, ile mifuko ya kufumwa ya plastiki yenye mistari, imejaa sukari, mchele, sabuni, mikate minne, inamvunja bega. Njia nzima anatabasamu. Anajisemea, mama akiniona tu. Akafika uani.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshasikia kwamba binti anakuja, kwa hiyo alikuwa ameoga, amevaa gauni la kanisani, na mikono ameisugua kwa jiwe mpaka imekuwa myeupe. Ameiweka nyuma.

"Karibu mwanangu. Pita tu, kiti kile pale, weka mwenyewe."

Wale watoto wamesimama pembeni kwa mstari. Wanasalimia kwa heshima. "Shikamoo shangazi." Wapole, kama wako ofisini kwa mtu. Hakuna aliyekimbia.

Mnaona ilipofika? Alidhani shida ni mkoba, kwamba akiuacha dukani basi yameisha. Mkoba haukuwepo. Lakini mikono ikishafundishwa kushuka, haipandi yenyewe. Mama hakuwa na kinyongo, msimsingizie. Alikuwa na adabu tu. Kuna adabu inaumiza kuliko tusi.

Dada akasimama pale uani, salfeti inamkata bega, mvua inaanza. Akatafuta la kusema. Angesema samahani? Mama angejibu, ya nini, mwanangu? Akasema neno ambalo hajawahi kulisema tangu azaliwe.

"Mama, nipokee."

Nipokee. Nani kati yenu amewahi kumwambia mtu hivyo, akiwa na mzigo mlangoni kwao? Haiombwi. Anayepokea ndiye anayetangulia. Ukifikia kuiomba, ujue umeshaipoteza na unaitaka irudi. Hapa kwetu tumebaki kumwambia neno hilo mmoja tu, na tunalisema tukiwa tumefumba macho.

Mama akaitoa mikono nyuma. Akaiangalia. "Mikono yangu hii?"

"Hiyo hiyo."

Mama akashuka ngazi. Akaingiza bega lake chini ya ule mzigo, akauchukua wote, akayumba kidogo, watoto wakaja kumsaidia. Dada akajinyoosha. Na mama, huku amelemewa, ndiye aliyemsalimia mwanawe kwanza.

Sasa njooni tuzungumze, maana najua mmeshaanza kumtafuta huyo dada humu ndani. Muacheni. Ni sisi.

Mnaniuliza, mtumishi, kwa hiyo mkoba wa bei ni dhambi? Mimi sijasema. Mimi mwenyewe napenda vizuri, angalieni viatu hivi. Ukitaka kujua kama kitu ni ghali, usiangalie ile karatasi ya bei. Jiulize: mama yangu akiwa anamenya ndizi, anaruhusiwa kukishika? Akiruhusiwa, nunua, nunua na cha pili umpe yeye. Asiporuhusiwa, hata ukipewa bure, umepunjwa.

Lakini wengi wetu hatuna mkoba wa ngozi ya ndama. Tuna nini? Tuna heshima yetu. Tuna jina la familia. Tuna ndoa ambayo nje imepigwa pasi na ndani imekunjamana. Tunakuja hapa Jumapili tumeikumbatia. Mtu anakuuliza, "Habari za nyumbani?" Unasema nini? "Nzuri, namshukuru Mungu." Ndiyo yale yale, acha tu, sio mzito. Mwenzako ana mikono ya utomvu, alikuwa jikoni kwenye matatizo yake mwenyewe, amekuja mbio, na wewe umerudi hatua moja. Safari ya pili haji tena. Anakuamkia tu kwa adabu. Halafu tunalalamika kwamba kanisa limepoa, watu wa zamani walikuwa na upendo. Watu ni wale wale. Sisi ndio tuliowafundisha kushusha mikono.

Na Mungu je? Wengine mnamsubiri aje awapokonye. Anayempokonya mtu mzigo njiani ni kibaka, na Mungu siyo kibaka. Anasimama mlangoni, na anasubiri uombe. Hilo neno ulilojifunza kwa mama yako siku za mnada, ligeuze tu liwe nipokee, ndilo analolitaka, na halina Kiebrania ndani yake.

Kwa hiyo leo sitawaombea. Nanyamaza, mseme wenyewe, kila mtu kwa sauti yake. Na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango, unayengoja tufumbe macho ili uchomoke. Nimekuona tangu mwanzo wa ibada unauhamisha mzigo wako, bega hili, bega lile. Umetoka nao mbali. Unataka kurudi nao?