Kura ya Mgongoni mwa Kifaru

Nije, nisije?

*Njoo, tumekaa!*

Nije na kweli au nije na uongo?

*Njoo na vyote, tutachambua wenyewe!*

Basi nitaanza na jambo lililonishinda. Hadithi hii nimeisimulia miaka mingi, na kila nikifika kwenye kivuko cha mto nasimama. Mgeni alipiga hodi. Sauti moja ikamwitikia, "Karibu." Ilikuwa sauti ya nani? Nilimuuliza bibi yangu, akaniambia nimletee chumvi. Nilimuuliza babu, akasema yeye siku hiyo hakuwepo, kana kwamba mimi nimesema alikuwepo. Mpaka leo sijui. Nyinyi sikilizeni, huenda mkaisikia.

Palikuwa na nchi kavu, na katikati ya nchi bwawa moja. Mto ulikuwepo mpakani, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, hayanyweki. Mwenye bwawa alikuwa Ngiri. Hakulichimba, hakulirithi. Alilikuta, akalikalia. Kila asubuhi Ngiri alikunywa kwanza. Akishakunywa aligaagaa, chubwi-chubwi, chubwi-chubwi, mpaka maji yakawa uji. Ndipo wengine wakanywa. Na kila asubuhi waliambiana, "Leo yana afadhali kuliko jana."

Bi Kanga ndiye hakuweza kusema hivyo. Alikuwa na vifaranga saba. Uji ule uliwakwama kooni. Wawili walikufa, wakabaki watano. Kila asubuhi Bi Kanga alipanda juu ya kichuguu akapiga kelele, "Maji! Maji! Wanangu wanataka maji!" Na sauti ya kanga mnaijua, haina mlango wa kufunga.

Jirani yake alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabali. Mungu alimnyima mkia akamwongezea maneno. Pimbi alikuwa na ufa katika mwamba wake unaoshika umande, hivyo kiu yake haikuwa kali. Siku nyingine alimgawia Bi Kanga matone mawili matatu. Walikuwa majirani wa kuombana chumvi.

"Ng'ambo ya mto wanapiga kura," alisema Bi Kanga siku moja. "Wengi wakikataa jambo, halifanyiki. Nasi tupige, tumtoe Ngiri."

"Nani kakwambia?" akauliza Nungunungu, mzee wa miiba na heshima.

"Nimesikia."

"Umesikia! Ngiri ni dhalimu, sawa. Lakini ni dhalimu wetu, tunamjua hata anavyokoroma. Unataka tukaazime dhalimu wa watu?"

"Wanangu hawanywi makoromo, Mzee."

"Kura haziletwi na mto, Bi Kanga."

"Basi zilete wewe! Una miiba mia tatu, umeshamchoma Ngiri na mmoja?"

Nungunungu akalaza miiba yake. Pimbi akacheka hadi akajishika ubavu. Hakusema yuko upande gani. Ilikuwa tabia yake kucheka kwanza, na watu wenye akili nyingi huwa hivyo, simlaumu.

Sasa, habari za kelele za Bi Kanga zikavuka mto. Huko ng'ambo alikuwepo Kifaru. Kifaru alikuwa na pembe mbili, ngozi kama ukuta, na macho mabovu. Hatua kumi mbele yake, kila kitu kwake ni ukungu. Lakini mgongoni alibeba ndege kumi na wawili wenye midomo myekundu. Ndio hao tunaowaita askari wa kifaru. Wao ndio waliokuwa macho yake. Wao ndio waliomwambia, "Kulia, Mkuu. Kushoto, Mkuu." Na mshahara wao ulikuwa kupe waliojaa kwenye mikunjo ya ngozi yake.

Kifaru akaja kivukoni. Ndi! Ndi! Ndi! Ardhi ikatetemeka.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

"Karibu."

Hapo ndipo pananishinda. Tuendelee.

Kifaru akaingia. Ndi! Ndi! Ndi! Ngiri kumwona tu, akakimbia. Na ngiri akikimbia hunyanyua mkia, wima kama ufito. Ndivyo alivyoumbwa. Akaingia shimoni, akajifukia, kimya.

"Raia," alisema Kifaru, "nimekuja kuwaletea kura. Ni kitu rahisi. Mimi nauliza, anayekataa ananyanyua mkia. Askari wangu wanahesabu. Haya, swali la kwanza: nikae hapa bwawani niwalinde? Anayekataa, anyanyue mkia!"

Wanyama wakazitazama zile pembe. Mikia yote ikaingia katikati ya miguu.

"Askari, hesabuni!"

"Chrrr! Aliyenyanyua mmoja, Mkuu. Ngiri. Naye amekimbia."

"Waliokubali?"

"Chrrr! Wote, Mkuu. Ila huyu mdogo hapa, Pimbi. Huyu hana mkia kabisa."

Kifaru akafikiri kidogo. "Asiye na mkia hajanyanyua mkia. Ambaye hajanyanyua mkia amekubali. Andikeni: asiye na mkia amekubali."

Umati ukacheka. Pimbi naye akacheka, lakini safari hii alichelewa kidogo.

Siku ile walishangilia, msidanganywe. Bi Kanga alishangilia. Nungunungu alishangilia hadi miiba ikalia, cha! cha! cha! Kifaru akasema, "Mama mwenye vifaranga anywe kwanza." Bi Kanga akanywa, na watoto watano wakanywa, maji safi ya asubuhi. Alilia. Akasema kumbe maji yana ladha.

Siku ya pili akanywa wa pili, baada ya Kifaru.

Siku ya tatu akaambiwa asubiri, kwa ajili ya usalama wake.

Kila asubuhi Kifaru alikunywa. Akishakunywa aligaagaa, chubwi-chubwi, chubwi-chubwi. Ngiri alikuwa akifanya uji, huyu alifanya tope la kukandika nyumba. Na kila asubuhi aliitisha kura. "Niendelee kugaagaa kwa manufaa ya wote? Anayekataa, anyanyue mkia!" Mikia miguuni. "Wamekubali, Mkuu!" Bwawa likapungua, likapungua, likabaki kama sinia.

Kifaranga wa tano akaacha kusimama.

Bi Kanga akamwendea Pimbi mwambani. "Jirani, nilikosea."

"Hukukosea. Ulikuwa na kiu."

"Ni vitu viwili tofauti?"

Pimbi akageukia mwamba wake. Ufa wake nao ulikuwa umekauka. Alimtazama yule mtoto chini ya bawa la mama yake, akasema, "Kesho njoo bwawani. Uwalete wote."

Kesho yake umati ulikuwepo, na Pimbi akajisogeza mbele.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia sauti, sioni mtu."

"Ni Pimbi, Mkuu," wakasema askari. "Yule asiye na mkia."

"Mheshimiwa," akasema Pimbi, "sisi wanafunzi wako ni wazito. Kura unatufundisha kila siku, na bado hatujaelewa. Tunaomba mfano. Tuonyeshe zinavyopigwa nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu ni mbali, mtoto."

"Si mbali. Ni mgongoni mwako. Huko una wakazi: askari wanaokaa, na kupe wanaokaa. Je, wamewahi kuulizwa?"

Kifaru akakohoa. Kwa kweli hawakuwahi kuulizwa. Hata ng'ambo kwake hakuna aliyewahi kuulizwa. Lakini umati ulikuwa unamtazama, na mtu aliyekuja kufundisha ni vigumu kusema hajui.

"Waulizwe swali gani?"

"Dogo tu. Askari waondoke mgongoni mwako? Anayekataa, anyanyue mkia."

Kifaru akapiga hesabu kichwani. Askari wana mikia. Kupe hawana. Wa kunyanyua ni askari peke yao. Akacheka, hooo! hooo! hooo! "Uliza, mtoto, uliza!"

"Askari waondoke? Anayekataa, anyanyue mkia!"

Pu! Pu! Pu! Mikia kumi na miwili ikasimama.

"Waliokataa?" akauliza Pimbi.

"Chrrr! Kumi na wawili!"

"Na kupe?"

"Kupe hawana mikia!" akasema Kifaru.

"Na asiye na mkia, Mheshimiwa?"

Kifaru akafungua kinywa. Kabla hajasema, umati wote ukajibu kwa sauti moja, kama darasa:

"Amekubali!"

"Kupe mko wangapi huko?" akaita Pimbi.

Kupe hawajibu. Lakini askari walikuwa na mazoea ya kuhesabu, wakahesabu. Chrrr, chrrr, chrrr. Mkubwa wao akasema kwa sauti ndogo, "Mia nne na kumi, Mkuu. Bado masikioni."

"Upuuzi!" akanguruma Kifaru. "Kura hii ni batili!"

"Ikiwa ni batili," akasema Pimbi, "na ile ya kukaa hapa ni batili, maana mimi nilihesabiwa hivyohivyo."

"Ile ilikuwa ya kwenu! Hii ni ya kwangu!"

Mkubwa wa askari akainamisha kichwa akamtazama Kifaru jichoni. "Ina maana, Mkuu, siku zote tumekuwa tukihesabu bure?"

"Nyamaza! Wala kupe nyinyi, mnajua nini?"

Hapo aliharibu. Askari anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia jua. Lakini kuitwa mla kupe mbele ya watu!

"Sisi wala kupe?" akasema mkubwa wao. "Haya, baki na kupe wako." Purrr! Purrr! Purrr! Kumi na wawili wakaruka, wakaenda zao kwa nyati.

Kifaru akageuka kulia, ukungu. Akageuka kushoto, ukungu. Akamrukia Pimbi, ndi! ndi! ndi! akapiga mwamba, paa! Akarukia kicheko cha umati, akapiga mti, paa! Mwisho akasimama, anahema, na kupe walianza kumwasha asiweze kujikuna.

"Mto uko wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Umati ukaendelea kucheka. Kisha Pimbi, sijui kwa nini, akasema, "Fuata ubaridi, Mheshimiwa. Utausikia puani."

Kifaru akaondoka polepole. Alipofika mbali kidogo aligeuka upande usio wetu akauliza mwamba, "Lakini si mlinikaribisha?"

Basi Kifaru akavuka mto. Bwawa likabaki wazi. Mdogo akamshinda mkubwa kwa maneno yake mwenyewe. Hadithi yangu naitua hapa, mabega yangu yapumzike. Kama ni tamu, chukueni. Kama ni chungu, chukueni pia, mimi sirudi nayo nyumbani. Na funzo lake ni hili: fukuzeni mbabe wa ng'ambo, na haki itaingia nyumbani kwenu yenyewe, bila hata kupiga hodi.

Haya, kunjeni mikeka.

*Na Bi Kanga je? Alikunywa?*

Nani kauliza?

*Sisi sote!*

Nilitaka mwende nyumbani mkicheka. Haya, kaeni.

Kifaru alipovuka, Ngiri akatoka shimoni, na udongo wake kichwani. Akasema hana kinyongo na mtu. Akasema yeye ndiye pekee aliyenyanyua mkia siku ile, na askari wenyewe ni mashahidi. Ilikuwa kweli. Wakamketisha mbele. Kisha akauliza swali moja tu, tena kwa upole: "Nani alimwambia yule mgeni, 'Karibu'?"

Wanyama wakatazamana. Walioshangilia walisema walikuwa wakifukuza nzi. Nungunungu akasema miiba yake hulia yenyewe ikipigwa na upepo. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Kila siku mtu mmoja alikuwa juu ya kichuguu akipiga kelele."

"Nilisema nataka maji," akasema Bi Kanga. "Hilo sikatai."

"Na Karibu je?"

Bi Kanga angeweza kukana, wenzake wote walikana. "Sikumbuki, jamani," akasema. "Huenda nilisema. Nilikuwa na watoto wenye kiu. Nani kati yenu angekuwa na uhakika?"

Ngiri akasema, "Tupige kura. Kifaru ameondoka, lakini kitu kizuri alichotuachia tusikitupe."

Wakapiga kura. Bi Kanga azuiwe bwawani? Anayekataa, anyanyue mkia. Mkia wa kanga umeelekea chini, haunyanyuki. Vifaranga mikia yao haijaota. Wengine walitazama ardhi. Macho ya Bi Kanga yakamtafuta Pimbi. Pimbi hakuwa na mkia, kweli. Lakini alikuwa na mdomo, ule uleule uliomshinda Kifaru. Nimejaribu kumwelewa. Mwamba wake ulikuwa umekauka, na bwawa lilikuwa kama sinia. Pengine alidhani mtu mwingine atasema. Hakusema.

Ikaamuliwa kwamba Bi Kanga na wanawe wasinywe bwawani mpaka mvua zije. Wakatafuta wa kumzuia njiani. Ngiri akasema atumwe jirani yake, maana Bi Kanga hatamwogopa, na hakutakuwa na kelele.

Asubuhi Bi Kanga akaja na watoto wanne.

"Hujambo, jirani."

"Sijambo."

"Unanipisha?"

"Leo hapana, Bi Kanga."

Akasubiri kidogo, kama anayengoja utani umalizike. Kisha akawakusanya watoto wake akageuka, akashika njia ya kutafuta maji kwingine. Aliyemsindikiza mpaka kwenye mpaka wa nchi, akihakikisha harudi, ni Pimbi.