Bi Pimbi, Kiboko na Mlango wa Nyuma

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa wapi?
— Pakawa nyumbani!
Nyumbani au kazini?
— Aa, bibi, hatujui!

Hata mimi sijui, na hadithi ni yangu. Basi sogeeni hapa tuchanganyikiwe pamoja.

Alikuwapo Bi Pimbi, mnyama mdogo hivi, hata mkia hana. Anakaa kwenye pango la mawe na watoto wake watatu. Kazi yake kumsukia mikeka Kiboko. Kiboko yuko mtoni, Bi Pimbi anasukia kwake pangoni, na kila mwezi analetewa kikapu cha mtama. Walikubaliana kazi ianze jua likichomoza, ikome jua likiinama. Mpaka hapo mambo safi, kichwa changu kizima.

Lakini Kiboko alikuwa na baragumu. Akilipuliza, puuuu! Bi Pimbi lazima aitikie kutoka pangoni, "Nipo kazini!" Asubuhi, puuuu! "Nipo kazini!" Mchana, puuuu! "Nipo kazini!" Jua limeinama, ugali umeiva, puuuu! Bi Pimbi anaacha tonge, "Nipo kazini!", anarudi mkekani. Mpaka kile kitoto chake cha mwisho kikadhani mama yake jina lake ni Nipo Kazini. Kikitaka kubebwa kinalia, "Nipo Kaziniii!" Mnacheka nini? Mama mtu roho ilimuuma.

Akashuka mtoni. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

"Hizi saa za jioni ni za ziada. Naomba nyongeza, au niachiwe nile na wanangu."

Kiboko akafumbua mdomo, na ule mdomo mnaujua. "Nyongeza? Si nakulipa kwa mwezi? Mwezi hauna jioni?"

"Unazo."

"Halafu uko kwako, umekaa kitako. Nani kakuchosha? Mtu yuko nyumbani, anadai yuko kazini!"

"Basi kama niko nyumbani, nisiitikie baragumu."

"Thubutu! Pale ni kazini kwangu!"

Bi Pimbi akarudi kichwa kinamzunguka. Yuko nyumbani, lakini ni kazini. Yuko kazini, lakini hachoki, maana yuko nyumbani. We Mwanakombo, umeelewa?
— Sijaelewa, bibi!
Afadhali. Ungeelewa ningekutilia shaka.

Jioni ile baragumu likalia, puuuu! Bi Pimbi kimya, anakula. Kesho yake, ti! ti! ti! Kiboko kaja mwenyewe kusimamia. "Hodi!"

Desturi ni desturi. Bi Pimbi akamkaribisha, akamtandikia, akampakulia. Kiboko akala chungu kizima, watoto wakalamba mwiko. Jua lilipoinama akapuliza pale pale mlangoni, puuuu! Siku ya pili vilevile, akala, akapuliza.

Siku ya tatu Bi Pimbi akamletea jembe.

"La nini hili?"

"Mgeni siku mbili, bosi, siku ya tatu mpe jembe. Shamba langu lile, nyuma ya jiwe."

Jirani yake, Bi Kanga, kwa umbeya hajambo, akadakia kutoka uani: "Na ukilikataa, mto mzima utajua! Mgeni gani, kula anajua, kulima hajui?"

Kiboko akaruka. "Mimi si mgeni! Hapa si nyumbani kwa mtu, hapa kazini!"

"Kazini?" akauliza Bi Pimbi.

"Kazini!"

"Bi Kanga, umesikia?"

"Masikio yote mawili!"

Basi jua lilipoinama, Bi Pimbi akakunja mkeka, akawashika watoto mkono. "Kwaheri, bosi. Sisi tunarudi nyumbani." Wakatoka mlango wa mbele, wakalizunguka jiwe, wakaingia pangoni tena kwa mlango wa nyuma. Wakakaa, wakapakua.

Kiboko mbele, puuuu! Kimya. Puuuu! Kimya. Akazunguka nyuma mbio, ti! ti! ti! "Hodi! Mbona huitikii?"

"Karibu. Kazini kumefungwa, hapa nyumbani. Umekuja kama nani?"

"Kama bosi!"

"Bosi yuko kazini, mlango wa mbele."

Ti! ti! ti! mbele. Hakuna mtu. Ti! ti! ti! nyuma, anahema. "Hodi! Nimekuja kama... kama mgeni!"

"Mgeni wa siku ya tatu? Jembe hilo hapo."

Kiboko akatazama mbele, akatazama nyuma. "Kwani mimi niko wapi?"

"Shambani!" akajibu Bi Kanga.

Kwachu! kwachu! Akalima, jasho linamtoka. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. Mwisho akaliangusha jembe. "Bi Pimbi, mwanangu, naomba ruhusa niende kwangu."

"Nenda, baba. Ila baragumu liache hapa."

Akaliacha. Tangu siku ile Kiboko mchana kutwa yumo majini, katoa pua tu. Ukimwuliza yuko nyumbani au yuko kazini, anazama.

Hadithi imefika kwao. Ikiwa tamu mezeni, ikiwa chungu nitemeeni. Na funzo lake ni hili: watoto wema, mtiini bosi asubuhi, mchana na jioni. Msiulize saa. Ugali ukipoa, utapashwa.

— Bibi, na Bi Pimbi alilisikia hilo funzo?

Atalisikiaje? Alikuwa anakula na wanawe.