Nani Awe Somo wa Mtoto wa Nyamizi?

Sogeeni karibu, nina jambo la kuwauliza. Mimi limenishinda.

Walikuwepo wanawake watatu. Sada alikuwa na macho, Mlekwa alikuwa na masikio, na Tungu alikuwa na ulimi. Msicheke. Kila mtu anavyo, lakini wao walijua kuvitumia.

Nyamizi, wifi yake Sada, alijifungua mtoto wa kike. Baadaye mguu wake ukavimba. Daktari akasema damu imeganda ndani ya mshipa, akampa vidonge. "Vinapunguza uzito wa damu," alisema. Nyamizi akasikia vinapunguza damu. Alipofika nyumbani, mama mkwe akashtuka: "Mzazi apunguzwe damu? Hapa kwangu?" Basi ikawa matembele mchana na kisamvu jioni, sahani imejaa, ili damu irudi. Nyamizi akaichukia ile dawa, akawa anataka kuitupa chooni.

Siku moja Sada alikuja kumwogesha mtoto, akaona ukanda wa kandambili umezama kwenye mguu wa Nyamizi.

"Wifi, mguu huu unarudi kulekule. Twende hospitali."

"Wakanimalizie damu?"

"Usipotembea nitakubeba kama gunia."

Wakaenda. Kwenye benchi Nyamizi akanung'unika, "Ninavyokula majani siku hizi, mbuzi wananionea wivu." Benchi zima likacheka. Nesi Mlekwa hakucheka. "Majani gani, dada? Mengi kiasi gani?" Alipojibiwa, akamweleza daktari, kwa kuwa mboga hizo zikizidi huipunguzia nguvu dawa ile. Daktari akapima damu, akarekebisha dozi. Mboga asiache, ila ale kiasi kilekile kila siku.

Nyamizi alivifunga vidonge kwenye pindo la kanga, uso ameukunja. Tungu, mgonjwa aliyekaa jirani yake kwenye benchi, akamwona.

"Mwenzangu, uji ukiachwa si huganda?"

"Huganda."

"Basi dawa hii haimwagi uji. Inaukoroga tu usigande. Mimi naimeza mwaka wa pili, na damu yangu ninayo."

Nyamizi akalifungua pindo la kanga. Kisha akaomba maji ya kumezea.

Mguu ukapona. Mtoto alikuwa bado hajapewa jina kwa sababu ya ule ugonjwa, na baba yake akasema, "Apewe jina la aliyekuokoa."

"Bila mimi asingefika hospitali," alisema Sada.

"Angefika, akarudi kwenye kisamvu chake," alisema Mlekwa.

"Kisamvu angekila kwa kiasi, lakini dawa angeitupa," alisema Tungu.

Mtoto ni mmoja, na somo ni mmoja. Je, wewe ungemwita nani?