Mtama wa Bi Siwatu

Wewe hapo, unayesema unamwamini Mungu: mbegu zako ziko wapi, ardhini au uvunguni? Usinijibu. Kinga viganja kwanza.

Namwaga!
— Tunakinga!
Namwaga!
— Mwaga, na kitakachodondoka tutaokota!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakinyamaza kuwasikiliza, palikuwa na kijiji kilichokosa mvua misimu miwili. Watu walichimba ndiga, mizizi ya porini yenye sumu, wakaziloweka siku tatu zisiwaue, wakala wamenuna.

Kijijini hapo aliishi Bi Siwatu, mjane mwenye watoto wawili na vibaba vitatu vya mbegu za mtama. Hakuwa na kingine. Aliishi pia Bwana Ameir, kiongozi wa dua ya mvua. Kila asubuhi alisimama uwanjani na kanzu yake nyeupe, akalia mpaka ndevu zikalowa. Watu wakasema, "Huyu ndiye mcha Mungu wetu."

Siku moja, dua ilipokwisha, Bi Siwatu akachukua jembe akaenda kupanda kwenye vumbi. Alipanda kibaba kimoja, mbegu zote kazipaka majivu zisiliwe na chungu na wadudu wengine. Akaimba:

"Mvua ni yako, Mola, mbegu ni zangu;
lete yako, nimeshaleta zangu."

Majirani wakaja kumtazama.

"Siwatu, umeona wingu gani?"

"Sijaona."

"Sasa unachekelea nini, na njaa yote hiyo?"

"Kwani asubuhi hatukuomba? Au wenzangu mlikuwa mnanyoosha koo tu?"

Kesho yake akakuta mashimo matupu. Akamwita Kanga.

"Kanga, umekula mbegu zangu?"

"Mimi nafukua kwa kucha, mama, naacha fujo. Hapa pamefukuliwa kwa kijiti."

Bi Siwatu akapanda kibaba cha pili. Akaimba. Kesho yake, mashimo matupu. Akamwita Panya.

"Panya, umekula mbegu zangu?"

"Mimi nakula papo hapo, mama, naacha makapi. Huyu kabeba."

Akapanda kibaba cha tatu, cha mwisho. Akaimba, tena kwa sauti ya juu zaidi. Kesho yake, mashimo matupu. Akamwita Kuchakulo, yule kindi.

"Kuchakulo, umekula mbegu zangu?"

"Mimi nikishiba nakimbia, mama. Huyu kaurundika udongo kando ya kila shimo, kausawazisha kwa kiganja, kama mtu mwenye adabu zake."

Bintiye mkubwa akaangua kilio. "Mama, ndiyo tumekwisha?"

"Mbegu ndizo zilizokwisha, mwanangu. Mungu hajaisha."

Akarudi shambani, akaanza kupalilia. Kupalilia nini? Vumbi! Kijiji kizima kikashika mbavu. Bwana Ameir mwenyewe akaja, akamwambia kwa upole, "Dada yangu, kaa usubiri kama sisi."

"Nasubiri, kaka. Nasubiri nimesimama."

Akapalilia, akaimba. Akapalilia, akaimba. Akapalilia mpaka shamba likawa limetandikwa kama kitanda cha bibi harusi.

Ndipo mvua ikaja. Ikanyesha siku saba. Watu wakakimbilia mashamba yao na kukuta magugu, kwa maana hakuna aliyekuwa amelima.

Siku ya nane, watoto wa Bi Siwatu wakapiga kelele. "Mama! Mtama!"

Haukuwa shambani. Ulikuwa njiani. Mche mmoja, hatua mbili, mche mwingine. Mbegu zilidondoka, vumbi likazifunika, majivu yakazilinda, mvua ikazikuta. Mstari ukatoka shambani kwa Bi Siwatu, ukapita kisimani, ukakata uwanja wa dua, ukaenda kukoma kizingitini kwa Bwana Ameir.

Kijiji kizima kikaufuata. Bi Siwatu mbele, shingo wima, anang'oa mche mmoja mmoja kwa mikono miwili na kuuweka kwenye ungo. Shamba lake lilikuwa tayari kuipokea miche. La nani jingine lilikuwa tayari?

"Ni ndege hao," Bwana Ameir akasema, kasimama mlangoni.

"Si mimi," akasema Kanga.

"Panya, basi."

"Nilishajibu," akasema Panya.

"Kuchakulo?" Kuchakulo hata hakugeuka.

"Basi ni Shetani!"

"Shetani hana kanzu," akasema Bi Siwatu. "Wewe unayo, kaka, na mfuko wake umetoboka."

Bwana Ameir akaingiza mkono mfukoni. Vidole vikatokea upande wa pili.

Hapa ndipo ninyi mnapotaka funzo. Haya, chukueni: anayemtumaini Mungu utamjua kwa udongo kwenye kucha. Machozi hata kitunguu kinayatoa. Nilichokimwaga nimekimwaga, aliyekinga ale, asiyekinga alambe kiganja. Limebaki neno moja tu, nalo si langu, ni la Bwana Ameir.

Bi Siwatu akainama, akang'oa mche wa mwisho pale miguuni pa Bwana Ameir.

"Nilizichukua mimi," akasema Bwana Ameir, kwa sauti ile ile ya dua, kila mtu akasikia. "Mara zote tatu, tukazila nyumbani kwangu. Niliona zinapotea bure. Kila asubuhi niliwaombea mvua, na hata siku moja sikuamini kwamba itanyesha."