Umazi Aliyepanda Mawe

Muhogo uko motoni, acheni kuupapasa, haujaiva. Sogeeni, mfunge midomo, mfungue masikio. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa korongo!

Korongoni nini?

— Korongoni jiwe!

Na ndani ya jiwe?

— Tupasulie tuone!

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikaa baraza moja na kubishana kwa lugha moja, palikuwa na nchi ya vilima vikavu iitwayo Kirimani. Bahari ilikuwa mbali, hata harufu ya chumvi haikufika. Huko aliishi msichana jina lake Umazi. Kazi yake kulima, kuteka maji na kutwanga. Raha yake kuokota mawe.

Si kila jiwe. Mvua ikishanyesha, korongo lilitapika mawe ya mviringo kama viazi. Umazi aliokota moja, akalipima mkononi, akaligonga taratibu kwa jiwe jingine, ko, ko, ko, huku akiimba:

*Jiwe, jiwe, fumbuka,*
*ulichomeza nionyeshe,*
*nusu moja niibebe,*
*nusu yako nirudishe.*

Mengi hayakuwa na kitu. Lakini mojamoja lilipasuka pande mbili, na ndani, jamani! Kombe la jiwe limejikunja kama pembe ya kondoo dume, mzunguko ndani ya mzunguko, mbavu zimepangika kama ukili wa mkeka. Upande mmoja kombe limetuna. Upande wa pili ni shimo tu, alama ya pale lilipolala.

Nusu iliyotuna Umazi aliibeba nyumbani. Nusu yenye shimo aliirudisha palepale ilipotoka, akaifukia kidogo. Kwa nini? Kwa sababu bibi yake alimfunza: ukingʼoa muhogo, rudisha kijiti ardhini. Naye Umazi aliona jiwe nalo lina haki hiyo.

Akapita Kima, akacheka. "We Umazi, jiwe haliliki!"

"Haliliki, lakini latazamika."

Akapita Ngiri, akacheka. "We Umazi, unapanda mawe? Yakiota utuite tuje kupalilia! Jiwe haliliki!"

"Haliliki, lakini latazamika."

Akapita Kenge, mjumbe wa Mfalme Nyati, mwenye ulimi mrefu na maneno matamu. "Binti yangu, msichana mzima na mawe, wapi na wapi? Jiwe haliliki."

"Shikamoo, Baba Kenge. Haliliki, lakini latazamika."

Kenge naye akacheka. Ila macho yake hayakucheka. Yalibaki kwenye jiwe.

Basi masika moja mvua ikapiga, korongo likabomoka ukingo. Umazi akakuta jiwe kubwa kama chungu cha maharage. Akaimba, akagonga. Ko, ko, ko. Likafumbuka, na kombe likang'aa rangi za upinde wa mvua, kama ndani ya chaza. Umazi akakaa chini, akacheka peke yake. Akafukia nusu ya shimo palepale ukingoni, chini ya mchongoma, akajitwika nusu ya kombe, akaiweka juu ya mlango wake.

Siku alipokwenda shamba, Kenge akapanda ukuta. Umazi aliporudi, mlango upo, jiwe halipo.

Sasa sikieni sheria ya Kirimani. Aliyekiona kitu cha korongoni kwanza ndiye hukipa jina, na korongo huwa lake kutembea atakavyo. Lakini anayedai kitu ambacho hakukiona yeye kwanza hupigwa marufuku kukanyaga korongo, maisha yake yote. Umazi akaiwaza marufuku hiyo, akahisi kama ameambiwa asipumue. Hata hivyo akajifunga kanga, akaenda barazani.

Akamkuta Kenge amesimama mbele ya Mfalme Nyati, jiwe liko kati yao, na Mfalme analizunguka kwa furaha. "Lafanana na pembe zangu!"

"Ndiyo maana nilipoliona tu, Mtukufu, nikakukumbuka wewe," akasema Kenge.

"Hilo ni langu," akasema Umazi.

Baraza likaguna. Kenge akageuka polepole. "Binti yangu, mwanamke huenda korongoni kuteka maji. Ateke, arudi. Mawe atayajulia wapi?"

Mmesikia? Ngojeni nimeze mate, maana mwenzenu hapa nimetaka kusimama nimjibu mimi. Anayekwenda korongoni kila siku ya Mungu ndiye asiyelijua, na anayeota jua barazani ndiye mjuzi! Na wazee wakaitikia kwa vichwa, ati hoja nzito. Haya, tuendelee.

Mfalme akamuuliza Kenge, "Uliliona wapi?"

"Korongoni."

"Korongoni wapi?"

"Pale pale."

"Pale wapi?"

"Pale… penye mawe."

Ngiri akacheka akapaliwa. Mfalme akamgeukia Umazi. "Na wewe?"

"Mimi sisemi, Mtukufu. Lichukueni jiwe, twendeni."

Wakaenda, Mfalme mbele, baraza nyuma, Kenge akiburura mkia. Umazi akasimama chini ya mchongoma, akapangusa udongo. Ndani ya ile nusu ya shimo alikuwa amelala Bibi Konokono, kwenye maji ya umande.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, mjukuu. Taratibu, usinimwagie maji. Tangu uchimbie jiwe hili hapa napata pa kulala na pa kunywa."

"Na ni nani aliyelichimbia?" akauliza Mfalme.

"Huyu, na wimbo wake."

Kenge akaropoka, "Konokono ataona nini? Alikuwa safarini!"

"Safarini?" Bibi Konokono akatoa pembe zake. "Mwanangu, tangu masika nimesafiri kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Wa jiwe."

Akahama polepole, wote wakisubiri. Umazi akachukua nusu ya kombe, akaishusha juu ya nusu ya shimo. *Kwa!* Ubavu ukaingia kwenye mfuo wake, mzunguko kwenye mzunguko wake, hata penye pengo dogo la ukingoni pakajaa. Hapakubaki nafasi ya kupitisha ukucha.

Kenge akasema, "Ehe! Na hiyo nusu pia ni yangu, nilisahau tu."

"Mtu husahau nusu ya kitu chake?" akauliza Mfalme. "Toa ulimi."

Kenge akautoa. Mfalme akaugonga kwa ncha ya pembe, ko, ukapasuka pande mbili kama jiwe. Ndiyo maana hadi leo Kenge ana ulimi wa panda: upande mmoja useme kweli, upande wa pili useme uongo, na mwenyewe hajui atangulize upi.

Umazi akaliita jiwe Pembe ya Bahari. Bibi Konokono alimwambia kwamba bahari iliwahi kulala hapo kabla vilima havijaamka, na kwamba mwenye kombe lile alikuwa wa ukoo wake. Mimi nasikia yule ni jamaa wa pweza zaidi, lakini nani atamwambia bibi wa watu?

Kenge akapigwa marufuku kukanyaga korongo, na korongo likawa la Umazi. Akatembea atakavyo, mvua hadi mvua, akibeba nusu na kupanda nusu. Kima akipita, akimwambia jiwe haliliki, Umazi humjibu, "Keti utazame." Na Kima huketi.

Basi, ukichukua, rudisha. Na ukijidai "nimeona mimi," jiandae kuulizwa: pale wapi?

Nami nilikuwepo. Niliomba kipande cha jiwe, nikapewa kijiti cha muhogo nikipande. Ndio huo uko motoni, umeiva, na anayesema ameupanda yeye aonyeshe shimo.

Ngano yangu imepasuka pande mbili: nusu naondoka nayo, nusu nimeipanda kwenu.